Rodion Hakupanda Meli

Tulipoingia mdomo wa mto Dvina, mabaharia walikuwa wameshaanza kunyoana. Ndivyo ilivyo kwenye meli yetu. Miezi miwili na nusu wanaume hawajali sura zao, lakini minara ya Arkhangelsk ikishaonekana tu, foleni inapangwa nje ya bafu, mkasi unagombaniwa, na mpishi anapiga kelele kwamba nywele zinaingia kwenye supu ya samaki. Miaka yote huwa nasimama pale mlangoni nikiwachokoza: huyu namwambia amenyolewa kama kondoo, yule namwambia mkewe atamfungia mlango. Safari hii nilipita kimya. Mfukoni nilikuwa na funguo nne za vyumba visivyokuwa na mtu. Vitatu vilikuwa vya watu walioamua wenyewe kuongeza mwaka. Cha nne kilikuwa cha Rodion Lochekhin, na huyo hakuamua chochote.

Kazi yangu ni shehena na abiria. Mimi ndiye ninayejua pipa lipi la dizeli ni la kituo gani, gunia lipi la makaa linashuka wapi, na nani analala kitanda kipi. Vituo vya hali ya hewa vimetapakaa pwani nzima ya Bahari ya Kara, kila kimoja na watu watatu au wanne na mbwa wao, na meli huwafikia mara moja kwa mwaka, barafu ikilegea. Tunakwenda mashariki tukishusha mizigo na wageni, tunarudi magharibi tukipakia waliomaliza muda wao. Nimeifanya kazi hii miaka kumi na tisa. Kabla yangu aliifanya Avenir Petrovich Lochekhin, baba yake Rodion, na ndiye aliyenifundisha, kwa matusi zaidi kuliko kwa maneno ya kawaida. Nilimpenda mzee yule kuliko nilivyompenda baba yangu mwenyewe, na sioni haya kusema hivyo.

Mwezi wa tatu madaktari walimpasua koo. Waliondoa saratani, wakaondoa na sauti. Mwezi wa saba wakasema saratani imerudi, na kwamba mwaka mpya huenda asiuone. Wakati huo Rodion alikuwa kituo cha Golaya, fundi wa mitambo, anamalizia mwaka wake wa pili.

Nalisema mapema ili asije mtu akanionea huruma bure: Rodion aliniomba nimchukue, nikakataa.

Ilikuwa mwezi wa nane, tunakwenda mashariki. Tulifika Golaya asubuhi yenye jua, bahari imetulia mpaka inatia shaka. Helikopta ilikuwa inapeleka makaa ufukweni, safari baada ya safari, na kwenye safari ya tatu ikarudi na Rodion. Mtu mzima wa miaka thelathini na nne, mabega kama mlango, lakini alisimama mbele yangu kofia mkononi kama anayeomba ruhusa ya kwenda msalani.

"Shangazi Faya, nichukue sasa."

"Sasa wapi? Sisi tunakwenda mashariki, mwanangu, si nyumbani."

"Mnipeleke Dikson tu. Kuna ndege pale. Siku nne, nashuka, nasahau hata jina lenu."

"Mwenzako mpya ameshuka leo hii. Mitambo atafundishwa na nani, na mbwa?"

"Mkuu wa kituo keshasema atamfundisha yeye. Muulize kwenye redio."

"Vyumba vimejaa, Rodion. Nina wageni ishirini na wawili wa vituo vya mbele."

"Nitalala juu ya viazi. Nitamenya viazi, halafu nitalala juu ya vitakavyobaki." Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Baba hawezi tena kuongea. Napiga simu ya setilaiti, namsikia anapumua tu. Nasema mimi, nasema mimi, mpaka laini inakatika. Nataka nikae naye tu, Shangazi. Akae aniangalie, nikae nimwangalie."

Mtu mwenye akili timamu angemwambia nini? Angemwambia akachukue begi. Chumbani kwangu kulikuwa na kochi refu, limesimama tangu meli hii ilipoundwa, na mimi nina miaka hamsini na sita, hakuna ambaye angezua neno kwa kijana niliyemjua tangu akiwa mwanafunzi wa shule. Kochi nililikumbuka pale pale. Sijasahau kwamba nililikumbuka.

Lakini ilikuwepo sheria. Abiria hapakiwi tukienda, anapakiwa tukirudi. Ukimpakia mmoja tukienda, kila kituo kitakuwa na mtu wake mwenye shida, na mpaka ufike mashariki wageni wako wanalala kwenye ngazi. Avenir Petrovich mwenyewe alinikaririsha sheria hiyo mwaka wangu wa kwanza, akigonga meza kwa kijiko. Halafu kulikuwa na Taisiya. Wiki moja kabla, kituo cha nyuma yetu, Taisiya Burkova aliniomba vile vile, apelekwe Dikson awahi harusi ya binti yake. Nilimkatalia, na harusi ikafungwa bila mama. Sasa, pwani yetu haina siri. Saa tatu kila asubuhi vituo vyote hukaa kwenye redio, masafa mamoja, na mimi husoma nani kashuka, nani kapanda. Nilijua kesho yake ningelazimika kusoma: Golaya, amepanda Lochekhin. Na pwani nzima ingesema, aah, Taisiya hapana, mtoto wa bosi wa zamani ndiyo. Miaka kumi na tisa hakuna mtu aliyenisema kwa upendeleo. Nilikuwa najivunia hilo. Nilijivunia mno.

"Tukirudi," nikamwambia. "Wiki sita tu. Wewe wa kwanza kwenye orodha."

"Vuli huijui, Shangazi? Upepo ukigeuka mtatupita."

"Hatujawahi kuwapita Golaya."

"Na kama baba hatafika wiki sita?"

"Lochekhin yule? Yule atatuzika sisi sote, halafu atalalamika kaburi limechimbwa vibaya."

Alitabasamu, maana ndivyo baba yake alivyo. Akaenda akasaidia kushusha makaa. Saa kumi alasiri, helikopta inataka kuondoka kwa safari ya mwisho, alinirudia. Mapanga yanazunguka, vumbi la makaa linatupiga usoni, ikabidi apige kelele sikioni kwangu.

"Mara ya tatu siombi. Nichukue, Shangazi Faya."

"Hapana, Rodion. Tukirudi."

Akavaa kofia, akainama, akaingia kwenye helikopta. Kesho yake saa tatu nilisoma kwa sauti kavu: "Golaya. Ameshuka mmoja. Aliyepanda, hakuna." Nikaona nimefanya kazi.

Tulirudi Golaya mwezi wa kumi. Upepo ulikuwa wa kaskazini magharibi, na haukuwa na nia ya kukoma. Siku tatu tulitia nanga mbali kidogo tu na ufuko. Kwa darubini nilikuwa naona moshi wa jiko lao. Helikopta ilifungwa kamba, rubani hakutaka hata kuitazama. Kushusha mashua kwenye mawimbi yale kungekuwa kuua watu. Siku ya tatu barafu ikaanza kuingia kutoka kaskazini, kwanza kama uji, halafu mabamba. Nahodha aliniita juu, kwa jina langu kamili.

"Faina Gurievna, naondoka."

"Ngoja mpaka kesho."

"Nina watu sitini humu, na mafuta ya kufika Arkhangelsk, basi. Usinitazame hivyo. Ningekuwa na njia ningekwenda mwenyewe kwa kuogelea."

Nikachukua redio. Nilitamani kuwe na kelele za angani tusisikilizane, lakini laini ilikuwa safi, kana kwamba amekaa chumba cha pili.

"Golaya, Golaya, hapa meli."

"Nawasikia, Shangazi. Nawaona pia kwa darubini. Nimeshafunga begi, nimevaa kabisa, nasubiri helikopta tu."

"Fungua begi, Rodion."

Nilijua vituo vyote vinasikiliza. Hakuna aliyekohoa.

"Sawa," akasema. "Sawa. Mkifika mkamsalimie baba. Mwambieni upepo."

"Pengine helikopta ya mwezi wa nne..."

"Shangazi, mezeni mate mwondoke, barafu inakuja."

Yeye ndiye aliyenituliza mimi.

Taisiya, yule wa harusi, alikuwa kituo kinachofuata tukielekea magharibi. Tulimpakia siku nne baadaye, upepo umelegea, kama ilivyopangwa. Jioni hiyo alinikuta kwenye chumba cha kulia nimekaa mbele ya sahani ya chewa, sijagusa. Alivuta kiti, akakaa bila kukaribishwa. Ni mwanamke mnene mwenye mdomo, na nilikuwa najua nitasikia.

"Faya, nikuulize kitu. Mwezi wa nane kwa nini hukumchukua?"

"Sheria unaijua."

"Sheria naijua. Nauliza kwa nini hukumchukua."

Nikaona bora niseme. "Kwa sababu yako wewe. Nilikuwa nimekukatalia. Nikaogopa mtasema nini."

Aliweka uma wake mezani. "Mimi? Wewe mwanamke una wazimu. Asubuhi ile kituo chetu kizima tulizima hata jenereta tusikie vizuri. Pwani yote ilijua hali ya mzee. Tulikuwa tunasubiri useme amepanda. Mimi nilishaandaa na utani wa kukurushia. Halafu ukasema, aliyepanda hakuna. Tukadhani labda kijana ameumwa."

"Hungekasirika?"

"Nikasirike nini? Harusi niliitazama kwenye video, nikalia, nikala keki ya kopo, yakaisha. Baba anayekata roho utamtazama kwenye video? Ningembebea begi mimi mwenyewe, mjinga wewe."

Aliinuka, akachukua sahani yake. Hakunitukana zaidi, na nadhani aliona imetosha. Tangu siku hiyo mpaka Arkhangelsk sikulala vizuri. Kila nikilitazama kochi naona mtu mwenye mabega mapana amelala, miguu imening'inia.

Gatini kulikuwa na theluji ya majimaji, na watu wengi. Wake, watoto, wazee wenye vyungu vya shanga, maandazi yetu ya viazi, vilivyofunikwa kwa taulo visipoe. Mabaharia walionyolewa walishuka wakirukiwa shingoni. Huwa napenda kutazama saa hiyo; safari nzima inalipwa pale. Nilikabidhi orodha, nikakabidhi funguo, nikabaki napanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Niliposhuka ngazi nilimkuta Glafira Petrovna, dada yake Avenir Petrovich, amesimama peke yake na mwavuli.

"Kaka anakuita," akasema. "Ameandika uende leo leo, hata kama unanuka samaki."

"Anajua kuhusu Rodion?"

"Anajua. Rodion amempigia. Amemwambia habari ya upepo, hiyo kaielewa, yeye mwenyewe si mgeni wa upepo. Kinachomuumiza ni ile nyingine."

"Ipi?"

Glafira akashusha sauti, ingawa hakuna aliyekuwa anatusikiliza. "Ya mwezi wa nane. Kaka alimwuliza, nami ndiye niliyemsomea swali lake kwenye simu: meli ilipopita mwezi wa nane, mbona hukuja nayo mpaka Dikson? Rodion kajibu kwamba ilikuwepo nafasi, ila yeye mwenyewe aliamua abaki amfundishe fundi mgeni, akidhani ataondoka mkirudi. Basi kaka akageukia ukuta. Tangu siku hiyo anakula vijiko viwili. Mtoto mmoja tu anaye, Faya. Na mtoto kachagua mitambo."

Tulikwenda Solombala, mtaa wanaokaa, kwa basi. Glafira alikuwa anasimulia bei ya kuni, mimi sisikii kitu. Nilikuwa nimeelewa. Rodion alinikinga. Alijua ni mimi ninayekwenda kukaa na baba yake, alijua mzee ananiheshimu, akaona bora lawama aibebe yeye aliye mbali. Na mimi nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Ningeingia, ningesema upepo, ningemshika mzee mkono, ningelia kidogo, na Avenir Petrovich angekufa akiniona mwanafunzi wake mwema. Nakiri kwamba niliipima njia hiyo, toka kituo cha basi mpaka ngazi za nyumba yao ya mbao. Niliipima kweli kweli.

Mzee alikuwa kitandani, mito mitatu mgongoni, kitambaa cheupe shingoni. Mwili umekwisha, macho yale yale. Daftari lilikuwa juu ya kifua chake na penseli imefungwa kwa uzi. Aliniona, akaandika, akaligeuza nisome.

*Umenenepa.*

"Na wewe umekonda. Tumebadilishana."

Mabega yalimtikisika, ndicho kicheko alichobaki nacho. Akaandika tena, taratibu, herufi zile zile kubwa alizokuwa akiandika ubavuni mwa mapipa.

*Upepo si kosa lako. Usijilaumu.*

Nikakaa kwenye kigoda. Glafira alileta chai na jamu ya matunda ya porini, akajikalia dirishani na ufumaji wake. Mzee alikuwa ananitazama. Niliona kuna kitu anataka kuuliza na anaona aibu, mzee yule ambaye katika maisha yake sikumwona akiona aibu. Mwishowe akaandika maneno machache, akaligeuza daftari nusu tu.

*Agosti alikuwaje? Alinitaja?*

Nikaweka kikombe chini.

"Avenir Petrovich, Rodion hakukueleza ukweli. Hakuamua kubaki. Aliniomba nimchukue mpaka Dikson. Nilimkatalia mimi."

Sindano za Glafira zilinyamaza. Mzee aliandika haraka, penseli ikichana karatasi.

*Aliomba?*

"Aliomba. Mara mbili."

*Sema maneno yake. Yote.*

Nikayasema. Nilikuwa nayakumbuka yote, maana nilikuwa nimeyalala na kuyaamkia majuma mawili. Kwamba atalala juu ya viazi. Kwamba anapiga simu anasikia pumzi tu. Nikasema: nataka nikae naye tu, akae aniangalie, nikae nimwangalie. Avenir Petrovich alifumba macho na machozi yakamtoka, yakashuka mpaka kwenye kitambaa cha shingoni, na uso wake ulikuwa na furaha. Sijui niieleze vipi. Mtu anayekufa alikuwa amepokea zawadi, na mimi niliyekuwa nimeificha ndiye niliyemletea.

Kisha akafumbua macho, akaandika.

*Na wewe ulisemaje?*

Nikasema. Niliyoyasema yote, hata ule utani wa kaburi. Sauti yangu mwenyewe ilinichukiza. Nilipomaliza nikaona nijitetee, na hapo ndipo nilipokosea tena.

"Sheria ulinifundisha wewe, Avenir Petrovich. Kwa kijiko."

Akaandika mstari, akaufuta, akaandika mwingine.

*Kochi lile nimelalisha watu saba. Pwani yote ilijua. Hakuna aliyesema.*

Nilisoma mara mbili. Watu saba. Miaka yote ile alinipa sheria, na lililofichika ndani ya sheria hakunipa, akidhani nitalijua mwenyewe, kama kila mtu pwani alivyolijua. Nilitaka anitukane. Alikuwa na matusi ya kutosha kujaza daftari lile. Badala yake aligeuza ukurasa mpya, akaandika neno moja.

*Rudia.*

Nikarudia. Maneno ya Rodion, majibu yangu, mapanga ya helikopta, vumbi la makaa. Nilipoondoka Glafira hakunisindikiza mlangoni.

Niliporudi kesho yake nilidhani nitafukuzwa. Glafira alinifungulia, akaniwekea chai bila kunitazama, akaenda jikoni. Mzee hakuandika salamu. Alinyoosha kidole tu kwenye neno lile lile, ukurasa ule ule wa jana. Na ikawa hivyo kila siku. Kwa siku kumi na saba nilikwenda Solombala saa nane mchana, nikakaa kwenye kigoda, nikamwomba mzee yule, kwa maneno ya mwanawe, nafasi kwenye meli, kisha nikamnyima kwa maneno yangu. Mara moja nilijaribu kuyaruka ya kwangu, niseme ya Rodion peke yake. Aligonga ubao wa kitanda kwa kifundo cha kidole. Alikuwa mtu wa orodha. Kitu kilichokuwepo lazima kisomwe. Kuhusu mimi, kama amenisamehe au la, hakuandika tena hata herufi moja, nami sikuthubutu kuuliza.

Nilimwuliza Glafira mara moja, pale jikoni.

"Unaniuliza mimi?" akasema, mikono kwenye unga. "Anakula vijiko sita sasa. Hilo ndilo ninalolijua. Kwa hiyo kesho njoo."

Rodion nilimpigia, nikamwambia nimesema yote. "Hukutakiwa kusema, Shangazi," akajibu. "Atakaa na nani sasa?" Nikamwambia bado nakaa naye mimi. Wakati mwingine Glafira aliiweka simu sikioni mwa mzee, na Rodion akaongea mpaka akaishiwa, na mzee akapumua. Lakini simu ikikatika alikuwa anageuka kunitafuta, kidole kinakwenda kwenye neno lile.

Siku moja kabla hajafa penseli ilikuwa inamtoka mkononi. Ilikuwa saa tisa alasiri na nje kiza kimeshaanza, ndio mwezi wetu wa kumi na moja ulivyo. Nikaanza bila kuambiwa. Nikaomba kama Rodion anavyoomba. Nilipofika kwenye zamu yangu nikamtazama, ngozi na mifupa, nikashindwa.

"Ndiyo," nikasema. "Kachukue begi, Rodion. Chumbani kwangu kuna kochi."

Avenir Petrovich alifumbua macho. Nikaogopa, nikasema haraka, "Samahani, nimekosea," nikaanza upya kwa usahihi: hapana, Rodion, tukirudi. Akatikisa kichwa. Kidogo sana, lakini alikitikisa. Akainua kidole kutoka kwenye blanketi, akakizungusha, kama anavyoashiria baharia winchi iendelee.

Alikuwa anaitaka ile nyingine, ile ya kochi.

Basi nikampakia Rodion. Nikamleta na begi lake, nikamlaza kwenye kochi, miguu imening'inia, anakoroma mpaka nagonga ukuta. Siku ya pili nikamweka mezani na mafundi wa injini, akawashinda dhumna, wakamwita mwizi. Siku ya tatu akamenya gunia zima la viazi, na mpishi akataka kumwoa. Saa tatu asubuhi nikasoma kwenye redio, Golaya, amepanda Lochekhin, na Taisiya akanirushia utani wake, na pwani nzima ikacheka. Siku ya nne nikamshusha Dikson. Nikampandisha ndege ya kwanza, nikampandisha ya pili. Nikamweka kwenye basi la Solombala, amesimama, kofia mkononi. Glafira alikuwa amesimama mlangoni na taulo la vyombo, analia waziwazi. Nikampandisha Rodion ngazi za nyumba ile, zile zinazolia, ngazi moja moja, nikamfikisha nje ya mlango wa chumba. Nikaufungua.

Hapo nikakwama. Maneno ya kuomba Rodion alinipa, ninayo yote mpaka leo. Ya kumwambia baba yake akiingia hakunipa, na mimi sikuweza kuyatunga. Avenir Petrovich alikuwa macho bado. Alikuwa ananitazama mdomo, anasubiri.